Kutoka Glavu Nyeupe hadi Programu: Historia ya Kuwinda Pengo la Bei katika Kubeti

Tarehe 6 Oktoba 2001 haikumbukwi na wengi hapa Uingereza, lakini kwa anayetaka kuelewa programu zinazouzwa leo kwa ahadi ya "faida bila hasara", hiyo ndiyo tarehe ya kuanzia. Kabla ya siku hiyo, mtu aliyeweka dau katika duka la kubeti la nchi hii alikatwa asilimia 9, ama juu ya dau lake, ama juu ya alichorudishiwa akishinda. Siku hiyo makato yakaondoka. Gordon Brown, aliyekuwa Waziri wa Fedha, aliifuta kodi iliyomwangukia mteja, akaitoza kampuni asilimia 15 ya faida yake ghafi. Hakufanya hivyo kwa huruma. Mwaka 1999 Victor Chandler, mpokea dau mashuhuri, alikuwa amehamishia shughuli zake Gibraltar ili wateja wake wa simu wakwepe makato yale, na wenzake wakaanza kufunga mizigo kumfuata. Serikali iliona ni afadhali kupata kidogo kuliko kukosa chote.

Kwa nini tuanze na kodi ilhali tumeahidi kuzungumzia programu? Kwa sababu tulipoanza kusoma historia hii, tulidhani ni hadithi ya kompyuta. Kadiri tulivyoendelea, tuliona kompyuta imekuja mwishoni, na mara nyingi si yenyewe iliyoamua nani apate na nani akose.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu hakuna kinachoeleweka. Tuchukue mechi ya tenisi, ambayo haina sare. Kama wachezaji wana nguvu sawa kabisa, bei ya haki ni 2.00 kwa kila mmoja: unaweka pauni 1, ukishinda unarudishiwa 2. Kampuni haitoi bei hiyo. Inatoa 1.90 kwa huyu na 1.90 kwa yule. Ukigawa 1 kwa 1.90 unapata 0.526, na mara mbili ni 1.052 na ushei. Ile sehemu iliyozidi 1 ndiyo riziki ya kampuni. Anayewabetia wachezaji wote wawili kwa mpokea dau mmoja atapoteza kama asilimia 5 bila kujali nani kashinda.

Sasa tuseme kampuni mbili hazikubaliani. Moja inampa mchezaji wa kwanza 2.10, nyingine inampa wa pili 2.05. Gawa 1 kwa kila bei, jumlisha: 0.476 na 0.488, jumla 0.964. Jumla imeshuka chini ya 1. Mwenye pauni 100 akiweka 49.40 kwa wa kwanza na 50.60 kwa wa pili, atarudishiwa kama pauni 103.73 yeyote atakayeshinda. Hiyo ndiyo abitraji: kununua na kuuza kitu kilekile sehemu mbili zenye bei tofauti. Bibi zetu waliojua bei ya karafuu Pemba na bei ya karafuu Mombasa wasingehitaji maelezo haya marefu.

Rudisha sasa yale makato ya asilimia 9. Pauni 103.73 zinakuwa 94.40 hivi. Faida ya karibu asilimia 4 imegeuka hasara ya zaidi ya asilimia 5, na hakuna programu duniani ingeweza kubadili hilo. Mwingereza wa mwaka 1995 aliyekuwa na kompyuta bora kuliko zote asingepata kitu katika maduka ya mtaani kwake, isipokuwa pengo liwe kubwa kupita kawaida.

Tofauti za bei, hata hivyo, zilikuwapo na kutumiwa zamani sana, hasa uwanjani kwenye mbio za farasi. Mtu anayetajwa mara nyingi kuwa mpokea dau wa kwanza Uingereza ni Harry Ogden, aliyesimama Newmarket miaka ya 1790 akitangaza bei tofauti kwa kila farasi. Palipo na mmoja anayetangaza bei, wa pili hachelewi, na wawili hawakosi kutofautiana. Tatizo la mtaka pengo lilikuwa sheria. Sheria ya mwaka 1845 ilisema deni la kubeti halidaiki mahakamani, na hali hiyo ilidumu mpaka Sheria ya Kamari ya 2005 ilipoanza kufanya kazi kikamilifu Septemba 2007. Kwa zaidi ya miaka 160, aliyeshinda upande mmoja na kushindwa upande wa pili alilipa alichopoteza kwa kulinda jina lake, halafu akasubiri kuona kama aliyemdai ana jina la kulinda.

Hapa ndipo tunapokutana na watu tuliowapenda kuliko wote katika utafiti huu: watu wa tik-tak. (Si ile tiki-taka ya Barcelona.) Katika viwanja vya mbio, wapokea dau walikaa makundi makundi, wakubwa upande mmoja, wadogo upande mwingine, na kelele za watu katikati. Mtu wa tik-tak alisimama juu ya kijukwaa amevaa glavu nyeupe ili mikono yake ionekane kwa mbali, akapeleka bei kwa ishara. Mkono kwenye sikio ulimaanisha 6 kwa 4. Begani, 7 kwa 4. Mikono juu ya utosi, 9 kwa 4. Kwenye kifundo cha mkono, 5 kwa 4. Ili jirani asiibe habari, baadhi yao waliwapa wateja wao kadi iliyobadilisha namba za farasi: farasi namba 3 kwenye karatasi ya mbio akawa namba 8 kwenye ishara. Leo tungesema wamesimba data.

Kazi hii ilikuwa na pande mbili, na pande hizo hazijaachana hadi leo. Mtu wa tik-tak alimsaidia mpokea dau asibaki na bei ya zamani wakati wenzake wameshashusha. Huyo ni mlinzi wa pengo, anayeliziba. Lakini aliyeona bei pande zote mbili kwa wakati mmoja aliweza pia kuchukua 9 kwa 4 upande huu na kuitoa kwa 2 kwa 1 upande ule, tofauti ikaingia mfukoni. Huyo ni mwindaji. Mkono uleule wenye glavu ulifanya yote mawili. Simu za mkononi ndizo zilizowaondoa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki wachache sana.

Mashine ya kwanza ya kuhesabu dau ina kisa chake. Mfaransa mwenye asili ya Katalunya, Joseph Oller, ndiye aliyeanzisha Paris, miaka ya 1860, mtindo wa kukusanya dau zote kwenye chungu kimoja na kuwagawia walioshinda. Mtindo huo unahitaji hesabu ya haraka, kwa sababu kila tiketi inayouzwa inabadilisha malipo ya farasi wote. Mhandisi George Julius, aliyeishi Australia, alikuwa amebuni mashine ya kuhesabu kura, serikali ikaikataa. Akaigeuza kuwa mashine ya kuhesabu dau, na mwaka 1913 ikafungwa katika uwanja wa Ellerslie, Auckland, New Zealand: jumba zima la magurudumu, nyaya na minyororo kama ya baiskeli. Baba yake alikuwa askofu wa Kianglikana. Hatukupata alichosema baba siku hiyo, lakini tungependa kujua.

Chungu cha pamoja hakina bei iliyofungwa, kwa hiyo ndani yake hakuna abitraji. Ila kati ya chungu na wapokea dau waliosimama pembeni yake kuna pengo, na waliojua kukisia chungu kitalipa kiasi gani walilitumia. Uingereza iliruhusu mtindo huo kwa sheria ya 1928. Maduka ya kubeti yalipofunguliwa Mei 1961 hayakuleta pengo jipya kubwa, kwani sehemu kubwa ya dau ililipwa kwa bei ya uwanjani wakati mbio zinaanza. Duka la Leeds na duka la London yalilipa sawa.

Marekani tutaipitia haraka. Huko Las Vegas miaka ya 1980 lilikuwapo kundi lililojulikana kama Kundi la Kompyuta. Mwanahisabati wake, Michael Kent, aliwahi kufanya kazi Westinghouse kabla ya kuhamia Vegas. Yeye alikisia matokeo kwa kompyuta, na wenzake, Billy Walters akiwamo, walisambaza watu wa kuweka dau sehemu nyingi kwa wakati mmoja kabla bei hazijahama. Polisi wa shirikisho, FBI, waliwavamia mwaka 1985, na kesi ilipofika mahakamani wakaachiwa huru mwaka 1992. Hiyo haikuwa abitraji halisi, maana walibeba hatari. Tunaitaja kwa jambo moja: hata wenye kompyuta walihitaji miguu ya watu wengi, kwa sababu mpokea dau akishakutambua hakuuzii tena. Kumbuka hilo, litarudi.

Intaneti ilifanya mambo mawili kwa pamoja. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 bei za kampuni za nchi mbalimbali zilionekana kwenye kioo kimoja. Na kampuni zenyewe zilizidi kuwa tofauti: nyingine, kama Pinnacle iliyoanzishwa 1998 huko Curaçao, zilichukua ziada ndogo na kusema wazi kwamba washindi wanakaribishwa, nyingine zilichukua ziada kubwa na kutoa zawadi nono kwa mteja mpya. Bei zinazopangwa kwa falsafa tofauti haziwezi kufanana. Kisha Juni 2000 Andrew Black na Edward Wray wakafungua Betfair, soko ambamo wateja wanabetiana wao kwa wao na soko linachukua kamisheni. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kubeti kwamba jambo halitatokea, yaani kukaa kwenye kiti cha mpokea dau. Ongeza kuondoka kwa ile asilimia 9 mwaka uliofuata, na utaona kwa nini programu za kuwinda pengo zilizaliwa wakati ule na si mwingine.

Mfano wa pauni na senti unasaidia. Kampuni inatoa 3.20 kwa timu ya nyumbani kushinda. Sokoni unaweza kubeti dhidi ya ushindi huo kwa 3.05, kamisheni asilimia 5. Unaweka pauni 100 kwa kampuni. Sokoni unachukua dau la mwenzako la pauni 106.67. Timu ikishinda, kampuni inakulipa faida ya 220, soko linakukata 218.67, inabaki pauni 1.33. Isiposhinda, unapoteza 100, soko linakupa 106.67 ukiondoa kamisheni, yaani 101.33, inabaki pauni 1.33. Uzuri wa hesabu upo. Lakini tazama kilichofungwa humo ndani mpaka mechi iishe: pauni 100 huku na 218.67 kule. Umeweka rehani zaidi ya pauni 318 upate bei ya nusu kikombe cha kahawa hapa chuoni.

Sasa programu zenyewe. Zote, kwa majina yoyote, hufanya kazi moja: zinasoma bei za kampuni nyingi, zinajumlisha kama tulivyojumlisha juu, na zinapiga kengele jumla ikishuka chini ya 1. Mtoto wa mwaka wa kwanza wa kompyuta anaweza kuandika sehemu ya hesabu mchana mmoja. Kinachouzwa ni kitu kingine, yaani kasi na usahihi wa kusoma bei.

Kasi ndiyo ya kwanza kupimwa. Bei iliyosomwa dakika mbili zilizopita ni habari ya kale. Wengi wa wauzaji wana toleo la bure linaloonyesha mapengo madogo tu, au linaloonyesha kwa kuchelewa, na toleo la kulipia kila mwezi. Sisi tulikaa jioni mbili na toleo la bure la programu moja, bila kuweka hata senti. Tulichoona ni orodha ndefu ya mapengo, na tulipofungua ukurasa wa kampuni yenyewe, mengi yalikuwa yamezibwa. Yaliyobaki wazi kwa muda mrefu ndiyo yaliyotutia shaka zaidi, na shaka hiyo ina sababu yake.

Pengo kubwa mno kwa kawaida ni kosa la uchapaji. Mtu ameandika 12.0 badala ya 1.20. Karibu kila kampuni ina kifungu katika masharti yake kinachoiruhusu kufuta dau lililopokewa kwa bei iliyokosewa waziwazi. Upande mmoja wa dau lako unafutwa, wa pili unabaki, na wewe uliyekuja kwa faida bila hasara umekuwa mcheza kamari wa kawaida bila kutaka. Programu nzuri huyachuja mapengo ya aina hii. Programu mbaya huyaweka juu kabisa ya orodha, kwa sababu asilimia 15 inavutia macho kuliko asilimia 1.

Kuna na jambo la kanuni, ambalo kwetu ndilo linalotenganisha programu iliyotengenezwa na mtu anayeujua mchezo na ile iliyotengenezwa na mtu anayejua kompyuta tu. Mchezaji wa tenisi akiumia na kuacha mechi, kampuni moja inafuta dau zote. Nyingine inalipa kama seti moja imekwisha. Nyingine inalipa aliyesonga mbele hata kama umepigwa mpira mmoja tu. Namba 2.10 na 2.05 zinaonekana kama bei za kitu kimoja, kumbe ni bei za vitu viwili. Katika mpira wa kikapu kuna swali la muda wa nyongeza. Katika besiboli, swali la mrushaji aliyetangazwa kubadilishwa. Historia nzima ya abitraji imejaa watu waliodhani wamenunua na kuuza karafuu, kumbe upande mmoja yalikuwa makonyo.

Halafu gharama. Tuseme programu inatoza pauni 100 kwa mwezi. Kwa faida ya pauni 1.33 kama ya mfano wetu, unahitaji madau 76 yaliyokamilika bila kosa kabla hujaanza kujilipa mwenyewe. Kila moja lina pande mbili za kuweka kwa haraka, na fedha zimefungwa.

Lakini haya yote ni madogo mbele ya jambo la akaunti. Nchini Uingereza kampuni haina wajibu wa kupokea dau lako. Ikikuona unachukua tu bei zilizo juu ya soko, inakuwekea kikomo: jana ulikubaliwa pauni 100, leo unakubaliwa senti 80. Watafiti watatu, Kaunitz, Zhong na Kreiner, walichapisha mwaka 2017 makala kuhusu jambo la jirani kabisa na hili. Hawakufanya abitraji, walitafuta bei iliyozidi wastani wa kampuni zote na kubeti upande huo tu. Kwa data ya miaka kumi mbinu yao ilileta faida. Walipojaribu kwa fedha halisi, dola 50 kwa kila dau, ilileta faida vilevile. Baada ya miezi michache kampuni zikaanza kuwawekea vikomo, na jaribio likaishia hapo. Hisabati haikuwa na kosa. Mlango ndio uliofungwa.

Hata Betfair, iliyojengwa juu ya wazo la wateja kubetiana wenyewe, Septemba 2008 ilianzisha tozo ya ziada kwa wateja wake wachache wanaofaulu zaidi, na mwaka 2011 ikaipandisha kwa baadhi yao mpaka asilimia 60. Kwingineko serikali zimejaribu kuingilia. New South Wales, Australia, ziliwekwa mwaka 2014 kanuni zinazomlazimu mpokea dau wa mbio za farasi akubali dau mpaka kiwango fulani. Marekani, ambako Mahakama ya Juu ilifungua mlango wa kubeti michezoni tarehe 14 Mei 2018, suala la vikomo lilifikishwa mbele ya tume ya michezo ya kamari ya Massachusetts mwaka 2024. Hapa kwetu hakuna sheria ya namna hiyo kwa mpira wa miguu.

Tutoke Uingereza kidogo, maana ndugu zetu huko nyumbani nao wanaletewa programu hizi, safari hii kwenye simu. Kenya ilikuwa na M-Pesa tangu 2007, na SportPesa ilipoanza 2014, kuweka dau kukawa rahisi kama kununua muda wa maongezi. Jina lake lilifika mpaka kwenye kifua cha Everton, na Julai 2017 Everton ikaja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia. Rooney alifunga, Everton ikashinda 2 kwa 1. Familia ya mmoja wetu walikuwapo uwanjani na bado wanabishana kuhusu bao la Gor. Miaka miwili baadaye serikali ya Kenya ilikataa kuongeza leseni za kampuni kadhaa katika mgogoro wa kodi, na SportPesa ikafunga shughuli zake nchini humo kabla ya kurudi baadaye.

Chukua mfano wetu wa tenisi uupeleke Nairobi ya miaka hiyo, kodi ikiwa asilimia 20 ya ushindi. Uliweka 49.40 kwa bei ya 2.10. Faida yake ni 54.34, kodi inachukua 10.87, unabaki na 92.87 kutoka kwenye 100 ulizoanza nazo. Na juu yake ulikuwapo ushuru wa kila dau, uliokuwa asilimia 7.5 mwaka 2021, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023 na 15 Desemba 2024. Ni hesabu ileile ya Uingereza kabla ya Oktoba 2001, na ni kali zaidi. Zaidi ya hayo, kampuni nyingi ndogo hazipangi bei zenyewe. Zinanunua bei kutoka kwa wasambazaji walewale wachache, hivyo mapengo kati yao ni haba. Anayemuuzia kijana wa Kenya programu ya abitraji iliyotengenezwa kwa masharti ya Ulaya anamuuzia koti la baridi Mombasa. Jina la "mkeka wa uhakika" linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Tanzania na Kenya ni jambo jingine kabisa, ubashiri mtupu uliovalishwa kanzu ya hesabu, na tunaomba wasomaji wasiyachanganye wanapowaeleza wadogo zao.

Wengi katika chama chetu ni Waislamu, na kwao mjadala unaishia kwenye neno kamari. Tuliwauliza baadhi yao kama kununua na kuuza bei bila hatari ni kamari. Walitujibu kwamba mkataba ni uleule, na anayelipa ni mwingine aliyepoteza. Hatukuona jibu la kuwapinga.

Tumeandika yote haya kwa sababu kuna ombi mbele ya chama. Muuzaji mmoja wa programu ya aina hii, ambaye hatutamtaja, ameahidi kulipia ukumbi na chakula cha Siku ya Kiswahili, nasi tumchapishie tangazo humu na tumpelekee wanachama. Kila mwanachama atakayejiunga kupitia kwetu ataletea chama fungu lake. Fedha tunazihitaji, waliohudhuria mwaka jana wanajua kwamba pilau iliisha kabla ya mashairi.

Tulipouliza muuzaji anapata wapi fedha za kugawa, jibu lilikuwa kwamba kila mteja mpya hufunguliwa akaunti kwenye kampuni kadhaa za kubeti, na kampuni hizo humlipa aliyemleta. Katika biashara hii malipo ya namna hiyo mara nyingi huhesabiwa kama sehemu ya kile mteja anachopoteza. Yaani anayetuuzia silaha ya kuishinda kampuni analipwa na kampuni ileile, na analipwa vizuri zaidi tukishindwa. Ni yule mtu wa glavu nyeupe, mkono mmoja kwa kila upande.

La pili lilitutia hofu zaidi. Katika maelezo yake kwa wateja kuna ushauri kwamba akaunti zikiwekewa vikomo, mtu "aongeze akaunti za familia na marafiki", na kwamba rafiki alipwe kidogo kwa kutoa kitambulisho chake. Ndiyo ile miguu mingi ya Las Vegas. Masharti ya kampuni yanakataza, na kutumia jina la mtu mwingine kufungua akaunti kunaweza kuwa udanganyifu. Benki ikiona fedha za mtu mwingine zinapita kwenye akaunti yako, inaweza kuifunga na kupeleka jina lako Cifas, ambako alama ya matumizi mabaya ya akaunti hukaa miaka sita. Miaka sita bila benki, kwa mwanafunzi ambaye kodi ya nyumba, mshahara wa kazi ya jioni na fedha anazomtumia mama vyote vinapita hapo. Baadhi yetu tuko hapa kwa viza.

Kura itapigwa kwenye mkutano wa Alhamisi, baada ya darasa la ushairi. Sisi watatu tulioandika makala hii tutapiga kura ya hapana, na tumeshamwomba mweka hazina aorodheshe njia nyingine za kupata fedha za ukumbi. Kuhusu pilau, mama wa mmoja wetu amesema sufuria kubwa ipo, mchele tuleteni wenyewe.